Mjomba, niliwaandikia bure, sasa wamepata wawekezaji

Mjomba, hujambo?

Mimi ni msichana wa miaka 27, ninaishi Roysambu, na nimekuwa nikiandika kuhusu teknolojia tangu nikiwa chuoni. Blogu yangu ilianza kama mahali pa kuwajibu wenzangu maswali waliyokuwa wakiniuliza kila siku: simu gani ya bei nafuu haichoki haraka, kwa nini data inaisha usiku mtu amelala, programu gani ya mikopo itampigia mama yako simu ukichelewa kulipa. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho walichoniulizia. Sikulipwa wala sikutarajia kulipwa. Watu walisoma, wakabisha, wakanitumia masahihisho saa sita usiku, nami nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Mwaka juzi kijana mmoja niliyesoma naye alinialika Kilimani, ambako yeye na wenzake walikuwa wamefungua kampuni changa inayowauzia wenye maduka programu ya kuweka hesabu. Akaniambia hana pesa za kunilipa kwa sasa, lakini nitakuwa mwandishi mwanzilishi, jina langu litajulikana, na wawekezaji wakiingia nitapewa hisa. Aliyasema hayo kwa mdomo na kwenye WhatsApp pia. Nikakubali. Nimewaandikia makala za tovuti, maelezo ya programu yenyewe, jarida la barua pepe la kila wiki, na hata zile makala ndefu kuhusu mustakabali wa biashara ndogo Afrika ambazo zilitoka kwa jina lake na kumpatia mialiko ya mikutano hadi Kigali. Baadhi ya makala za blogu yangu pia alizichukua, kwa ruhusa yangu, akaziweka kwenye tovuti yao.

Mwaka huu wawekezaji wamekuja. Ofisi imehamia jengo lenye lifti, wameajiri mkuu wa maudhui mwenye mshahara, na tovuti imefanyiwa ukarabati. Tangu ukarabati huo, makala zangu zote zinasema zimeandikwa na "Timu yetu". Nilipouliza kuhusu hisa, nilijibiwa kwamba mawakili bado wanapanga. Nilipouliza tena, akaniambia sisi ni jamii, hatuhesabiani, na nisisahau kwamba jina nimelipata kupitia kwao. Sasa anataka makala moja zaidi, ya kutangaza huo uwekezaji, iwe tayari Ijumaa.

Kinachonifunga mdomo ni kwamba huyu mtu amenitendea mema. Baba yangu alipofariki alisafiri hadi Murang'a kwa mazishi na akatoa mchango mkubwa. Ni yeye pia aliyelipia jina la tovuti ya blogu yangu lilipokuwa karibu kukatwa. Nikidai, nitaonekana sina shukrani. Nisipodai, kodi ya nyumba inanisubiri, na mdogo wangu anarudi shuleni muhula ujao.

Rafiki zangu wanasema nimwanike kwenye X, Wakenya watamaliza kazi. Dada yangu anasema niache kuandika kabisa, maana akili unde inatoa makala kwa sekunde na hakuna atakayemlipa binadamu. Na kuna chama kimoja cha akiba na mikopo huku Thika Road ambacho kimeniomba nikiandikie jarida la wanachama, makala mbili kwa mwezi, Sh6,000 kila moja. Ni kazi ya kueleza riba na dhamana, si ile dunia niliyoiota. Nimekuambatishia makala yangu ya programu za mikopo uone ninavyoandika. Nifanye nini, Mjomba?

Mwandishi, Roysambu

Mpwa wangu,

Makala ya Ijumaa usiiandike. Mtumie ujumbe leo, mfupi na wa heshima, umwambie hutaanza kazi mpya kabla hamjakubaliana kwa maandishi kuhusu ile uliyokwisha kuifanya. Usiongeze maelezo. Mtu anayetangaza kwamba amepata wawekezaji ana uwezo wa kulipia tangazo hilo, na ukimwandikia bure baada ya kuuliza mara mbili kuhusu hisa, atajua swali lako halikuwa na uzito.

Nimeisoma makala uliyoniambatishia, nikairudia. Nimehariri kurasa za teknolojia kwa muda mrefu, na ninakwambia bila kukupamba: unaandika vizuri. Mwaka 2021 Bunge lilipoibadilisha Sheria ya Benki Kuu ili wakopeshaji wa mitandaoni wawe na leseni, na kanuni zikatoka mwaka uliofuata, tulisoma makala nyingi zilizoorodhesha vifungu. Wewe ulikwenda sokoni Githurai ukaketi na wauza mboga, ukamsikiliza yule mama ambaye deni lake la Sh1,500 lilimfikia kiongozi wa kwaya kabla mumewe hajajua. Dada yako anasema akili unde inaandika kwa sekunde. Ni kweli, lakini inapanga upya yale ambayo watu wamekwisha kuyaandika, na habari ya yule mama haikuwa imeandikwa popote mpaka ulipopanda matatu kwenda kuitafuta. Kwa hiyo wazo la kuacha kuandika tuliweke kando.

Kuhusu kuandika bure, sitakwambia kwamba ni ujinga. Sehemu nzuri ya intaneti ya mji huu ilijengwa na watu ambao hawakulipwa. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiwaomba wajuzi wa kompyuta wasaidie kuonyesha kwenye ramani mahali ambapo watu walikuwa wakishambuliwa. Waliojitokeza, wakiwemo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, waliijenga Ushahidi, programu ya ramani hiyo, kwa siku chache, na hakuna aliyeuliza mshahara. Miaka miwili baadaye iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ikafunguliwa katika jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, na vijana wakawa wanakutana huko kufundishana walichokijua. Lakini tazama kazi ile ilikwenda wapi. Programu ya Ushahidi iliachwa wazi ili yeyote aichukue, na Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi mwaka 2010 ilitumika huko. Aliyetoa bure alijua kwamba na wengine wangepokea bure.

Rafiki yako ameichukua lugha ya wakati ule, jamii, hatuhesabiani, sote tunajenga, akaiingiza katika kampuni ya kibinafsi ambamo kila hisa ina mwenyewe. Wawekezaji wake wanahesabu. Mawakili wake wanahesabu saa zao. Mwenye lile jengo la lifti anahesabu kila mwisho wa mwezi. Katika jamii yote hiyo ni mwandishi peke yake anayeombwa asihesabu. Hili linaniudhi sana, mpwa wangu, kwa sababu limewachosha waandishi wengi wazuri wa hapa Nairobi. Walianza na hamu kama yako, na leo blogu zao hazifunguki.

Wala si hapa pekee. Kule Marekani, tovuti ya habari ya Huffington Post ilianzishwa mwaka 2005 na ikakua ikibebwa pia na makala za maelfu ya wanablogu wasiolipwa. Mwaka 2011 ikauzwa kwa AOL, kampuni ya intaneti, kwa dola milioni 315, na wanablogu hao hawakugawiwa kitu. Mmoja wao, Jonathan Tasini, akaishtaki kampuni kwa niaba ya wenzake akidai dola milioni 105. Mwaka uliofuata jaji wa New York aliitupa kesi: waandishi waliingia wakijua wazi kwamba hawatalipwa, na hakuna aliyewaahidi zaidi ya kusomwa. Kampuni yenyewe iliufunga mlango huo wa makala za bure Januari 2018. Ninakutajia kesi hiyo kwa sababu hapo ndipo wewe na wao mnapoachana. Wewe uliahidiwa, na ahadi iko kwenye WhatsApp.

Sasa hilo la shukrani, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Alikuja Murang'a kumzika baba yako, na hilo ni jambo kubwa, usilipunguze hata kidogo. Lakini mchango wa matanga hulipwa kwa mchango wa matanga. Siku atakapofiwa utakuwepo, utachanga, utaosha sufuria pamoja na wengine. Haulipwi kwa majarida ya kila wiki. Yeye mwenyewe alipozitoa pesa zile hakuwa akinunua makala, na ukizichanganya hesabu hizi mbili unauharibu hata ule wema. Mwambie hivyo ana kwa ana, mkinywa chai. Ningependa uanzie hapo kabla ya barua yoyote, kwa sababu urafiki wenu bado una nafasi, na kuna waanzilishi ambao kwa kweli husahau waliokuwa nao mwanzoni mpaka wakumbushwe. Akirudia kwamba jina ulilipata kupitia kwake, mkumbushe kwa upole kwamba jina hilo limefutwa kwenye tovuti yake.

Kabla ya chai hiyo, linda kazi yako. Pakua kila makala uliyoandika, hata zile fupi. Fungua Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, uitafute tovuti yao kama ilivyokuwa kabla ya ukarabati, kwani huenda kurasa zenye jina lako zimehifadhiwa huko. WhatsApp ina njia ya kuyatoa mazungumzo yote kama faili. Yatoe, ujitumie kwa barua pepe. Rasimu ulizomtumia zina tarehe, usizifute. Na lile jina la tovuti alilokulipia, angalia limesajiliwa kwa nani. Kama si wewe, omba lihamishiwe kwako sasa, mkiwa bado mnaongea vizuri, na umrudishie alicholipa. Mwandishi anaweza kupoteza blogu nzima, na wasomaji wake wote, kwa sababu aliyelipia jina alikuwa mtu mwingine.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ina jambo ambalo waandishi wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba yale maelezo ya programu na yale majarida, usipokuwa na makubaliano yanayosema tofauti, ana hoja ya kudai ni yake. Makala alizozitoa kwenye blogu yako ni habari nyingine kabisa. Hizo hukuagizwa na mtu, ni zako, na ruhusa uliyompa ya kuzichapisha haikuwa mauzo. Tena sheria hiyo hiyo inamwachia mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeandika, hata pale ambapo haki ya kuuza imekwenda kwa mwingine. Kwa hiyo hilo la "Timu yetu" unaweza kulipinga, na ukikwama uwaone KECOBO, bodi ya hakimiliki. Zile zilizotoka kwa jina lake kwa makubaliano yenu, usigombanie jina. Zidai kwa pesa.

Kuhusu hisa, ingia eCitizen uombe ile taarifa rasmi ya kampuni ambayo watu huiita CR12. Inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Jina lako likiwa halimo, huna hisa, hata mawakili wapange hadi Desemba. Na sikushauri uzipiganie kuliko pesa. Kune, iliyokuwa ikiuza chakula cha bei nafuu hapa Nairobi, ilipata dola milioni 1 kutoka kwa wawekezaji mwaka 2021, na Juni 2022 ikafunga. Sendy, ya kusafirisha mizigo, ikafunga mwaka 2023. Copia, ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliyokuwa imechangisha mamilioni mengi zaidi, ikaingia mwaka 2024 mikononi mwa wasimamizi wanaowekwa kampuni ikishindwa na madeni. Waliokuwa na hisa za kweli, zenye karatasi, waliziona zikiyeyuka. Ukiahidiwa hisa siku nyingine, ziwe nyongeza juu ya malipo, na paandikwe ni asilimia ngapi, zinaanza kuwa zako lini, na nini kinatokea ukiondoka.

Chai ikishindikana, andika barua ya madai na uiambatanishe na invoisi. Orodhesha kila makala na tarehe yake. Bei unayo tayari: hao wa chama wamekupa Sh6,000 kwa makala, na hiyo ni bei ambayo hukuitunga wewe. Mpe muda wa kujibu, kwa mfano wiki mbili. Asipojibu, na kama jumla haizidi Sh1,000,000, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Unaweza kwenda bila wakili, haibanwi na kanuni kali za ushahidi, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Fungua kama madai ya mkataba wa huduma, kwa sababu mizozo ya ajira mahakama hiyo haiisikilizi. Ukitaka mtu akupitishie karatasi kwanza, Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasiomudu wakili tangu mwaka 1973.

Kumwanika kwenye X, hapana. Ukimwanika, siku hiyo hiyo ataacha kuongea nawe na kuanza kuongea kupitia wakili, na chai yetu imekwisha. Ukiteleza neno moja tu usiloweza kulithibitisha, wewe ndiwe utakayeshtakiwa kwa kumharibia jina, na ile sheria ya uhalifu wa mitandao ya mwaka 2018 wanablogu wamewahi kukamatwa kwayo. Isitoshe, umati utakaokuwa nawe asubuhi utakuwa na jambo jingine jioni, nawe utabaki na kesi. Mambo yakiisha, ukitaka kuandika kwa utulivu na kwa ushahidi namna kampuni changa zinavyowatumia waandishi, iandike. Hiyo ninaisubiri.

Blogu yako endelea nayo, na ibaki ya bure kama ulivyoianza. Wale wa saa sita usiku ni wasomaji wako, hakuna aliye katikati akiwauza. Nje ya hapo, mtu akikuomba uandike, jiulize kama kuna mahali makala hiyo itageuzwa kuwa pesa. Ikiwa ni kikundi cha vijana wa kanisa au wanaotafsiri Wikipedia kwa Kiswahili, toa kwa moyo wote kadiri ya muda wako. Ikiwa ni kampuni, taja bei siku ya kwanza, kabla hujafungua tarakilishi, maana siku ya kwanza hakuna urafiki wa kuvunja kwa kutaja pesa.

Na kazi ya chama cha akiba na mikopo ichukue. Unasema si dunia uliyoiota, lakini mimi nimeisoma makala yako, na yule mama wa Githurai alinaswa kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemweleza riba kwa lugha yake. Hao wanachama ni yeye. Omba mkataba wa ukurasa mmoja kabla ya makala ya kwanza: jina lako litokee, malipo yaje ndani ya siku 14, na hakimiliki ibaki yako huku wao wakiwa na ruhusa ya kuchapisha. Kwa makala itakayokuhitaji uende kuzungumza na wanachama, waombe Sh8,000, kwa sababu nauli na siku nzima ni gharama. Kisha pendekeza uanze na wadhamini, wale waliotia saini mkopo wa rafiki, rafiki akahama mji, na makato yakaanza kwenye akiba yao. Keti na watatu au wanne kati yao, usikilize kabla ya kuandika kitu.

Mjomba